Shajara ya mradi: faili za basari, kutoka daka mpaka ndani

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nimepewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Ofisi yetu ndogo ya basari, msaada wa karo ya shule, hapa Mkomani, Lamu, ina kompyuta moja ya mezani, laptopu moja, printa inayochagua siku za kufanya kazi, na maombi ya watoto ya miaka minne. Kamati imesema "zipange zile faili". Nimekubali, ila nimeomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba kazi yenyewe ni kuzilinda. Mwalimu, mwenyekiti wetu, akacheka. "Kuzilinda na nani, mwanangu? Nani atatoka Nairobi aje kuiba vyeti vya watoto wa Faza?"

Nikamwambia huyo wa Nairobi simwogopi. Huyo hamjui mama wa mtoto. Hapa mama wa mtoto anajulikana mpaka punda wake.

Hali ya mashine leo: Windows 10, toleo la Home, akaunti moja isiyo na neno la siri. Ukiiwasha, imefunguka. Karani anaitumia, mimi naitumia, Ami mweka hazina anapigia hesabu humo, na jioni mpwa wake huja kucheza mpira. Kwenye uso wa skrini kuna folda kumi na saba. Moja inaitwa MPYA, nyingine MPYA MPYA, nyingine USIFUTE.

Jumanne, 14 Januari

Leo sikugusa kitu. Nilichukua ombi moja la mwaka jana nikalifuata lilikopita, kama mtu anavyofuata nyayo za kaa maji yakikupwa.

Mzazi alipiga picha cheti kwa simu yake. Akaenda saiba, duka la intaneti, iliyoko Usita wa Mui, kijana wa pale akaihamishia kwenye kompyuta yake, akatutumia kwa barua pepe. Hapo tayari cheti kiko kwa mzazi, kiko kwenye diski ya saiba, kiko kwenye barua zilizotumwa za saiba, na kiko kwenye sanduku letu. Karani akaifungua barua. Cheti kikatua kwenye folda ya Downloads. Akakinakili MPYA. Akakichapisha, karatasi ikaingia kwenye boksi. Mwalimu akakibeba kwa flashi kwenda mkutanoni. Mjumbe mmoja hakuhudhuria, akatumiwa kwa WhatsApp, na simu yake ina tabia ya kupandisha kila picha kwenye hifadhi ya intaneti usiku mwenyewe akiwa amelala. Nilipofika nakala ya kumi nikaweka kalamu chini.

Folda ya Downloads peke yake ina faili 1,346. Hakuna aliyeziweka pale kwa kukusudia, ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria kuziondoa.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeisoma Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ile iliyoanza kutumika 25 Novemba 2019, nikiwa nimekaa kwenye daka, pale mlangoni pa nyumba, napunga upepo wa kaskazi. Mzizi wake ni Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, ile inayompa kila mtu haki ya faragha. Mimi nilidhani data nyeti ni magonjwa na alama za vidole basi. Kumbe tafsiri iliyomo kwenye kifungu cha 2 inataja pia asili ya kabila, imani, hali ya ndoa, mali, na habari za familia pamoja na majina ya watoto, wazazi na mume au mke. Maana yake fomu yetu ya kurasa sita ni nyeti kuanzia mstari wa tatu mpaka sahihi ya mwisho. Na wenyewe wengi ni watoto, ambao kifungu cha 33 kinadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kugusa chochote chao.

Mchana nimekaa na karani na kalamu nyekundu. Kila swali la fomu tumeliuliza swali moja: tukilijua jibu, tutaamua nini tofauti? Kabila, kata. Dini, kata. Namba ya kitambulisho ya babu. Hakuna anayekumbuka ilitoka wapi, kata. Ugonjwa uliomuua baba. Karani alisoma hilo kwa sauti, kisha akakaa kimya kidogo. "Hili niliwauliza watu miaka minne," akasema, na akalikata mwenyewe, mistari miwili.

Kurasa sita zimekuwa mbili. Hakuna hatua ya usalama iliyokuwa rahisi kuliko hiyo, na hatukuhitaji hata kuwasha mashine.

Swali moja nililotaka likatwe limebaki: "Eleza sababu ya uhitaji." Mwalimu anasema bila hilo kamati itagawa pesa kwa kubahatisha. Sikupata la kumjibu. Nimeweka alama ya kuuliza pembeni.

Jumatatu, 20 Januari

Siku ya flashi.

Mwalimu alikuja na yake, ile ya buluu aliyoifunga kwenye shada la funguo. "Hii ni safi. Nilifuta vyote Disemba." Nikamwomba ruhusa, akanipa. Nikaichomeka na kuiendesha PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili zilizopotea, nikaielekeza iweke itakachookota kwenye diski nyingine, maana ukiandika juu ya flashi ile ile unafukia unachokitafuta.

Tukakaa. Hesabu ikaanza kupanda kwenye skrini: 40, 90, 210. Mwalimu akauliza ni hesabu ya nini. Nikamwambia ni picha. Programu hii hairudishi majina ya faili. Kila moja huipa herufi f na msururu wa tarakimu. Nikabofya ya kwanza. Kikajitokeza cheti cha kifo, na kwenye kona yake duara la kahawia, alama ya kikombe cha kahawa.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kikombe hicho ni changu," akasema.

Basi nikapata mwanya wa kueleza. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida, kompyuta inachofanya ni kufuta jina la mgeni kwenye daftari la gesti. Mgeni bado yuko chumbani, amelala. Atatoka siku mgeni mwingine atakapopewa kitanda hicho hicho, na siku hiyo inaweza kuwa kesho au isije kamwe. Kumwaga Kapu la Taka ni hivyo hivyo. Kubonyeza Shift na Delete ni hivyo hivyo, ila bila kupitia kwenye kapu.

Kwa diski za kizamani zinazozunguka, kama ya kompyuta yetu ya mezani, mtu anaweza kuandika juu ya nafasi tupu mpaka wageni wote watoke. Kwa flashi na kwa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kama ya laptopu, hilo halitegemeki: kifaa chenyewe kinagawanya maandishi huku na huku ili sehemu moja isichakae mapema, kwa hiyo unadhani umeandika juu ya kitanda kile kumbe umeandika juu ya kingine. Huko dawa ni kusimba, yaani kuzigeuza faili zisisomeke bila neno la siri, mapema, kabla faili ya kwanza haijaingia, ili hata masalio yakiokotwa yawe takataka isiyosomeka.

Flashi ya buluu imebaki ofisini. Mwalimu aliifungua mwenyewe kwenye funguo.

Jumatano, 22 Januari

BitLocker kamili, programu ya Windows yenyewe ya kusimba diski, haipo kwenye toleo la Home, na pesa ya kununua toleo la juu haipo kwa sasa. Nimechagua VeraCrypt. Inatengeneza faili moja kubwa, kasha. Yetu nimeipa GB 20. Ikifungwa inaonekana kama faili tu ya upuuzi. Ukiandika neno la siri inafunguka kama diski ya ziada, unafanya kazi zako ndani, unaifunga. Kwa Kiswahili cha Ami: "Ni sanduku la njumu lililomo ndani ya kompyuta." Sina la kuongeza.

Mjadala wa neno la siri ulikula muda kuliko kuiweka programu. Ami alitaka ubeti wa utenzi. Nikamwambia ubeti huo anaujua kila mtoto aliyepita madrasa hapa mjini, na anayetaka kufungua sanduku letu atakuwa ni mtu wa hapa hapa mjini. Tukaokota maneno sita yasiyohusiana kwa kufungua kamusi ovyo ovyo. Programu hii haina "nimesahau neno la siri". Ukilisahau, umezika. Kwa hiyo limeandikwa kwenye karatasi, likafungwa kwenye bahasha, watu wawili wakatia sahihi juu ya mkunjo, na bahasha iko kwenye kabati la chuma la Ami. Bahasha ikikutwa imefunguliwa, tunabadilisha siku hiyo hiyo.

Akaunti sasa ni tatu, kila mtu na yake. Mpwa wa Ami amenuna.

Jumatatu, 27 Januari

Nimehangaika na jinsi ya kupanga folda ili mtu asihitaji maelezo. Watu huweka majina kama "Siri" na "Siri sana" na kila mtu anafungua hiyo ya pili kwanza. Mwisho nimechukua ramani tuliyozaliwa ndani yake.

Nyumba ya Kiamu ina daka, hapo mlangoni, mgeni yeyote anakaa na hakuna anayemuuliza. Ukiruhusiwa unapita tekani, kiukumbi cha kuingilia, unaingia msana, hapo ni watu wa nyumba na wanaoaminika. Ndani ni ndani. Hata jamaa hafiki bila sababu. Basi folda zetu ni tatu. DAKA: fomu tupu, tarehe za mwisho, matangazo, hii iko wazi kwenye kompyuta. MSANA: namba za maombi, shule, kiasi kilichopitishwa, inafunguliwa na karani na mweka hazina. NDANI: vyeti, barua za hospitali, vitambulisho, maelezo ya mzazi, iko kwenye kasha, na anayeifungua anaandika kwenye daftari la karatasi saa aliyoingia, saa aliyotoka, na alichofuata.

Karani hakuniuliza swali hata moja. Alichukua faili 30 za jaribio akazigawa bila kukosea, isipokuwa risiti moja ya dawa aliyoiweka MSANA. Akaitazama tena, akairudisha NDANI mwenyewe. "Jina la dawa linasema ugonjwa," akasema. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 29 Januari

Majina ya faili yanasema. Nimekuta moja ambayo jina lake pekee lilikuwa na jina la mtoto, neno yatima, na ugonjwa wa mama. Huhitaji kuifungua, inatosha ijitokeze kwenye orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni unapotafuta kitu kingine huku mgeni amesimama nyuma yako. Kuanzia leo kila ombi ni namba: mwaka, kistari, tarakimu nne. Daftari la kuoanisha namba na jina liko NDANI.

Nimezima orodha ya faili za karibuni kwenye akaunti zote tatu. Skrini inajifunga baada ya dakika tano. Na nimeigeuza meza: skrini ilikuwa inatazama mlango.

Ijumaa, 31 Januari

Umeme ulikatika mara mbili kasha likiwa wazi. Hakuna kilichoharibika, alhamdulillahi, ila nilikaa na roho mkononi. Ami ameahidi betri ya akiba ya kompyuta ya mezani. Kwa sasa kazi ya NDANI inafanyika kwenye laptopu.

Jumanne, 4 Februari

Naandika hii usiku, na mikono bado si yangu.

Saa kumi na dakika kumi jioni nilituma orodha ya waliopitishwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na wajumbe. Watu 64. Ilitakiwa iwe na safu mbili, namba ya ombi na shule. Boti ya mwisho niliyokuwa naisubiri ilikuwa karibu kutia nanga, nikawa na haraka. Nilifungua orodha kubwa ya NDANI kwenye Excel, nikazificha safu za katikati, nikahifadhi kwa jina jipya, nikatuma. Mimi. Baada ya wiki tatu za kuwahubiria watu.

Kuficha safu kwenye Excel ni kuvuta pazia. Ukitazama herufi za juu unaona zinaruka: A, halafu G. Anayejua anachagua kuanzia A mpaka G, anabofya kulia, anachagua Unhide, na zote zinajitokeza. Alikuwepo anayejua. Saa kumi na moja kasoro robo karani alinipigia. "Kaka, ile orodha ina maneno ya watu."

Maneno ya watu. Ni ile safu ya "sababu ya uhitaji", niliyoiwekea alama ya kuuliza tarehe 16 kisha nikaiacha ibaki.

Nilitazama waliousoma ujumbe kabla ya kuufuta: 41. Nikaufuta kwa wote. Waliokwisha kuutuma mbele wameshautuma.

Jumatano, 5 Februari

Kabla hatujafungua alikuja mama mmoja wa Langoni. Aliketi kwenye baraza ya daka na hakutaka kupita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinyamaza, punda wawili wenye magunia ya mchanga wakapita, akasubiri mpaka mwenye punda amefika kona. "Yambo lile nalikwambia wewe, mwanangu. Hata ndugu yangu wa tumbo moya sikumwambia. Nalikwambia kwa kuwa karatasi yenu iliuliza."

Nikamwomba radhi. Sikujitetea, na sikumweleza habari za safu wala pazia.

"Radhi nimekupa. Lakini yeo nimeingia dukani kutaka mkate wa mofa, watu wakanyamaza."

Akainuka akaenda. Sitaandika hapa kilichokuwa kwenye mstari wake. Shajara hii nayo ni nakala.

Alhamisi, 6 Februari

Mkutano wa dharura. Kifungu cha 43 kinasema data ya mtu ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na ikawa kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Kulinda Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu tulipojua, na mwenyewe naye aarifiwe kwa maandishi. Saa zetu zilianza Jumanne jioni. Zinaisha Ijumaa saa kumi na moja kasoro robo.

Ami hakupenda. "Mwana wa ndugu yangu, twende kujishtaki wenyewe? Umesema faini inaweza kufika milioni tano. Milioni tano tutaitoa wapi, tuuze majahazi tusiyo nayo?" Mjumbe mwingine akasema hakuna aliyelalamika rasmi. Mwalimu alikuwa kimya muda mrefu, akawa anaizungusha pete kidoleni.

Mjumbe wa tatu, ambaye ni wakili kwa mazoea tu na si kwa cheti, akaleta hoja ya usimbaji: si tumesimba? Sheria si inawapunguzia mzigo waliosimba? Ni kweli, aliyeweka kinga kama usimbaji anaweza kusamehewa kuwaarifu wenyewe. Lakini kinga hiyo ni ya mtu aliyeibiwa sanduku likiwa limefungwa. Mimi nililifungua kwa mkono wangu, nikatoa kitu, nikakigawa. VeraCrypt haikuwa na la kufanya.

Mwishowe Mwalimu akauliza swali moja: yule mama, je, amedhurika? Hakuna aliyesema hapana. Tukaandika taarifa pale pale: kilichotokea, saa, idadi ya watu waliomo kwenye orodha, aina ya habari zilizotoka, tulichofanya, tutakachofanya. Nimeituma saa tisa alasiri kupitia tovuti ya ofisi ya Kamishna. Jina langu liko juu yake.

Jumatatu, 10 Februari

Swali la "sababu ya uhitaji" limeondoka. Kuanzia mwaka huu wajumbe wawili wanamsikiliza mzazi kwa mdomo, kila mmoja anaandika namba kati ya 1 na 5, wanajumlisha. Maneno hayaandikwi. Mwalimu ndiye aliyependekeza. Tulijaribu kwa wazazi sita leo, na namba za wajumbe wawili zilitofautiana zaidi ya moja kwa mzazi mmoja tu.

Utaratibu mpya wa kutoa orodha: kinachotoka nje hakizaliwi ndani. Unafungua karatasi tupu, unabandika safu zinazohitajika tu, thamani peke yake bila fomula, unahifadhi kama CSV. CSV ni maandishi matupu, haina safu ya kuficha wala karatasi ya pili nyuma. Kisha unaifungua kwenye Notepad na kuisoma kwa macho. Kisha unamtumia karani peke yake, anaifungua kwenye simu yake, anajibu "safi". Hapo ndipo inakwenda kwenye kundi. Jambo hilo hilo kwa PDF: kuweka boksi jeusi juu ya jina hakuliondoi jina, ukilinakili na kulibandika kwingine linasomeka.

Na hakuna kutuma orodha baada ya saa kumi jioni. Hiyo nimejiwekea mimi.

Alhamisi, 13 Februari

Usafi wa kompyuta ya mezani, siku mbili. Faili zote zimehamia kwenye kasha, nimezihesabu mara mbili, zilizojirudia zimeondolewa. Kati ya zile 1,346 za Downloads, tulizozihitaji kweli ni 212. Nimefuta nakala za kurejesha mfumo, maana Windows huweka matoleo ya zamani kimyakimya. Kisha nikaiamuru iandike juu ya nafasi yote tupu kwa amri ya Windows, cipher /w:C:, ambayo hupita mara tatu: sufuri, halafu kinyume chake, halafu tarakimu ovyo. Niliianzisha baada ya Isha, nikakuta imemaliza asubuhi. Nikaijaribu kwa PhotoRec. Picha za mandhari za Windows, nembo, vipande vya tovuti. Hakuna cheti hata kimoja.

Nyuma ya mlango palikuwa na kompyuta nyingine iliyokufa tangu 2021, ambayo fundi alikuwa ameinunua kwa mdomo. Kompyuta ataipata, diski hapana. Nimeitoa nikaipeleka kwa rafiki yangu mchonga milango. Aliiweka juu ya benchi ambalo nusu yake ilikuwa na fremu ya mlango, akatafuta biti ya chuma, akaitoboa matundu manne kwa keke ya umeme. Sahani za ndani zilitoa mlio wa meno. Vumbi la fedha likaanguka juu ya vumbi la mbao. Akapuliza. "Hii sanaa yako haina nakshi," akasema.

Alhamisi, 20 Februari

Barua zimekwisha kusambazwa, ya mwisho leo. Zimeandikwa Kiswahili cha kawaida, nusu ukurasa: nini kilitoka, lini, nani alikosea, tumefanya nini, na kwamba una haki ya kulalamika kwa Kamishna. Hatukutuma kwa SMS, kwa sababu simu nyingi zinashikwa na watu watatu. Tumepeleka kwa mkono, za Faza na Kiunga zikaenda na mjumbe kwa boti, kila moja kwenye bahasha isiyo na nembo.

Ya mama wa Langoni niliipeleka mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, polepole, midomo ikisogea. Alipofika mwisho akaikunja vizuri mara nne na kunirudishia.

"Sasa hii nayo niiweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeirudisha ofisini, nimeikatakata mbele ya karani, na kwenye daftari nimeandika: imefika, imesomwa, haikubaki.

Jumatatu, 24 Februari

Chelezo, yaani nakala ya akiba. Diski ya nje moja, imesimbwa yote, inakaa nyumba nyingine mtaa wa pili, maana moto ukishika dari za boriti na makuti hauchagui. Kila Ijumaa inakuja, inanakili kasha, inarudi. Leo nimejaribu kurejesha kutoka kwenye diski hiyo kwa laptopu, kama kwamba kompyuta ya mezani imetumbukia baharini. Jaribio la kwanza lilikataa. Nikadhani nimeharibu kasha. Kumbe ni chumvi, kichwa cha waya kimeshika kutu ya kijani. Nikakisugua kwa spiriti, likafunguka. Waya mpya uandikwe kwenye bajeti, na mfuko wa plastiki wenye kunyonya unyevu.

Ya muda wa kuweka: maombi yaliyokataliwa yanafutwa baada ya mwaka mmoja, yaliyokubaliwa, miaka miwili baada ya mtoto kumaliza kidato cha nne, tubaki na namba na kiasi tu kwa ajili ya ukaguzi. Ami alitaka yote yakae "kwa historia". Tumeshindana mpaka Alasiri.

Ijumaa, 28 Februari

Ramadhani inabisha hodi, kwa hiyo nafunga awamu hii. Yaliyobaki: Windows 10 inakoma kupewa masasisho 14 Oktoba mwaka huu na mashine yetu ni kongwe kwa Windows 11, tutaamua kati ya kununua nyingine na kuhamia Linux. Skana ya mitumba inatafutwa ili wazazi wasipitie saiba. Bahasha imekaguliwa, mkunjo mzima.

Saa mbili usiku simu yangu imelia. Mwalimu. Picha mbili za cheti kwenye WhatsApp, na chini yake: "Nikumbushe Jumatatu tuitie kwenye mfumo." Kabla sijajibu zikatoweka, moja baada ya nyingine, ujumbe huu umefutwa, ujumbe huu umefutwa. Kisha sauti ya sekunde nne: "Samahani mwanangu, nitaileta kwa mkono."

Nimeingia kwenye simu kuangalia. Ya kwanza ilikuwa imeshatua kwenye hifadhi ya intaneti. Nimeiondoa huko, na kwenye kapu la huko pia, na nimeizima ile tabia ya kupandisha picha, ambayo wiki saba zote hizi nilikuwa nimeizima kwenye simu za wengine.